Maji Yasiyo na Samaki

Kwa miaka ishirini na miwili mama huyo alikuwa akifungua vifuniko vya mita za maji za watu, na kazi hiyo ilimfunza jambo moja: mtu akikupokea getini kwa kicheko kirefu, nenda kaangalie nyuma ya banda. Huko ndiko utakakokuta mpira umechomekwa kwenye bomba kabla maji hayajafika kwenye mita. Wenzake wa idara ya maji walimwita Mama Mita, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa mfupi, mkakamavu, na alikuwa na kawaida ya kuutazama ukuta wa nyumba ya mtu kabla hajamtazama mwenye nyumba. Wapo waliosema hana adabu. Yeye alisema ukuta haujui kudanganya. Ukiwa na unyevu, una unyevu.

Mumewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alifundisha udereva, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya watu waliokuwa karibu kumuua na kuwaambia kwa upole, "Polepole, hakuna neno, tafuta breki." Sauti hiyohiyo alirudi nayo nyumbani kila jioni. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hawakuwahi kugombana hata jirani akasikia, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa kugombana naye. Ukimbana kwa swali, ghafla alikumbuka jambo la kufanya uani.

Jumamosi moja asubuhi dada yake Mwalimu alishuka kwenye kigari cha mizigo mbele ya mlango wao. Alikuja na masanduku mawili, kikapu, na kitu kikubwa cha pembe nne kilichofungwa ndani ya blanketi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mkimya, aliyestaafu kazi ya maabara katika shule ya sekondari. Nyumba aliyokuwa akipanga miaka nenda miaka rudi ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitaka kuibomoa.

"Wiki mbili tu, wifi," alisema. "Nikipata chumba nakuondokea."

"Karibu, wifi. Hapa ni kwenu," Mama Mita alijibu, na nusu ya maneno hayo aliyamaanisha kwa moyo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye blanketi. "Na hicho nini?"

"Kioo tu."

Kioo tu! Wachomeka mipira nao husema hivyohivyo: ni mpira tu, mama, wa kumwagilia maua. Mama Mita alimtupia mumewe jicho. Mwalimu alikuwa ameshika upande mmoja wa kile kitu na kutazama angani, kana kwamba kuna ndege anayoisubiri.

Kesho yake, Jumapili, Mama Mita alitoka chumbani akamkuta wifi amepiga magoti sebuleni. Mkononi ana futi, kando yake kuna pimamaji, lile la mafundi ujenzi lenye kitone cha hewa ndani. Alipima ukuta, akapima kutoka ukutani hadi dirishani, kisha akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Wifi, hapa chini pana zege, au ni saruji nyembamba iliyopakwa juu ya udongo?"

"Mbona unauliza?"

"Nafikiria uzito."

Machale yalimcheza Mama Mita. Nyumba ile ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Hakuacha wasia. Mwalimu na mkewe walikaa humo tangu alipofariki, na hakuna ndugu aliyewahi kutamka lolote juu yake, si la heri wala la shari. Kimya cha namna hiyo Mama Mita hakukipenda hata siku moja. Na sasa dada mtu amepiga magoti na futi, anapima kuta.

Blanketi lilipofunguliwa likatoka tangi la kioo. Urefu sentimita themanini, upana arobaini, kimo thelathini na tano. Wifi alisema ni la samaki, sikilidi vibete, viumbe visivyozidi kidole cha mkono, wa ukoo mmoja na sato na perege ila wao ni wa mito ya mbali, yenye maji laini ya rangi ya chai.

"Kwa nini limekuwa refu na fupi kwenda juu?" Mama Mita aliuliza.

"Samaki hawa hawapandi juu. Wanakaa chini, kila mmoja na eneo lake. Hawataki ghorofa, wanataka kiwanja."

Neno kiwanja lilimkaa Mama Mita kifuani kama mwiba wa samaki. Alipiga hesabu kichwani, maana hesabu za maji hazikumshinda: lita mia na zaidi, kilo mia na zaidi, ukiongeza mchanga, kioo na meza yenyewe. Kitu kikishawekwa hapo hakiondoki. Mtu anayekaa wiki mbili huleta mswaki na nguo za kubadili. Haleti mzigo wa kushinda gunia la saruji.

Wifi alifanya kazi yake bila haraka, na kila hatua ilimwongezea Mama Mita mashaka. Aliosha mchanga mwembamba mara saba uani, mpaka maji yakatoka meupe. Alichukua gogo lenye mizizi iliyopindapinda akalichemsha kutwa nzima. Alivunja vyungu vidogo vya maua, kila kimoja akakitoboa mlango ubavuni, akavilaza mchangani vikapeana visogo. Jioni alizunguka mtaani na kikapu akiokota majani makavu ya mkungu, na majirani wakauliza kama wifi mtu ameanza uganga. Majani yale aliyachemsha kwenye sufuria ya wali.

"Sufuria yangu!" Mama Mita alisema.

"Nitaisugua."

"Utasugua nini? Imekuwa nyeusi kama roho ya mdaiwa!"

"Rangi hiyo ndiyo wanayoipenda," wifi alijibu kwa utulivu. "Maji ya bomba hapa ni magumu. Angalia chokaa iliyomo kwenye birika lako."

Mama Mita akalifunika birika, maana maji yale ndiyo yaliyomlipa mshahara, na chokaa ya kwenye birika ilikuwa ya kweli. Wifi akaweka mapipa mawili chini ya mfereji wa bati, akakinga ya mvua. Aliyachanganya na ya bomba kwa vipimo, akalijaza tangi mpaka likawa kama bilauri kubwa ya chai ya rangi. Kipashio cha kuyatia maji joto kikawashwa, na chujio la sifongo likaanza kutoa mapovu kwenye kona.

Mama Mita akangoja samaki. Siku ya kwanza hakuna, ya tatu hakuna. Wiki ikaisha. Maji yamekaa pale yanabubujika, na wifi kila asubuhi anavuta kigoda, anakaa mbele yake na kuyatazama kwa makini, kama mtu anayetazama mpira. Kisha anatumbukiza chembe mbili tatu za chakula cha samaki.

Siku moja Mama Mita alishindwa kuvumilia. "Wifi, unamlisha nani?"

"Nayalisha maji."

"Maji?"

"Chakula kinaoza kidogo, inatoka sumu. Vijidudu vinazaliwa vya kuila sumu hiyo. Vikishakuwa vingi vya kutosha, ndipo samaki waje. Ukiwatia leo watakufa wote. Mwezi hivi, au zaidi."

"Kwa hiyo unafuga vijidudu sebuleni mwangu."

"Kwa sasa, ndiyo."

Mama Mita alikwenda kazini siku hiyo na jambo hilo kichwani. Mwezi au zaidi! Na zile wiki mbili? Alikuwa amesikia hadithi nyingi za watu wenye mita zilizochezewa, lakini hadithi ya kulisha maji hakuwahi kuisikia. Jioni, walipokuwa wawili tu chumbani, alimwuliza mumewe.

"Dada yako anatafuta chumba kweli?"

"Atapata tu," Mwalimu alisema. "Ee, hivi ile bawaba ya mlango wa uani nimeitia mafuta?" Akatoka.

Wifi alikuwa na daftari dogo lenye jalada la bluu. Kila baada ya siku mbili alichota maji kwenye kijaribio cha kioo, akadondosha matone ya dawa, akakitikisa na kukinyanyua dirishani ili atazame rangi, kisha akaandika. Akiondoka, daftari lilibaki juu ya kabati. Mama Mita hakuwa mwizi wa siri za watu. Lakini kusoma tarakimu ilikuwa kazi yake, na mkono ulifungua kabla moyo haujatoa ruhusa. Alhamisi: nne. Jumapili: mbili na nusu. Jumatano: moja. Basi, hakuna maelezo mengine.

Zinashuka. Katika miaka ishirini na miwili Mama Mita hakuwahi kuona mita halali inayorudi nyuma. Mita ikirudi nyuma, kuna mtu. Alilirudisha daftari, na tangu siku hiyo akawa anamtazama wifi yake kwa jicho lile alilotazamia mabanda.

Wiki ya tano alimfuata. Hakuwa amepanga, alikuwa kwenye zamu yake ya mtaa wa ofisi, kofia kichwani, begi la kazi begani, akamwona wifi ng'ambo ya barabara na kikapu chake. Wifi aliingia kwenye jengo la ghorofa tatu. Mama Mita alihesabu mpaka mia moja, akavuka, akajifanya anatafuta mita karibu na ngazi.

"Yule mama mrefu amekwenda wapi?" alimwuliza mlinzi.

"Wa kikapu? Ghorofa ya pili. Huja mara kwa mara."

Ukutani palikuwa na ubao. Ghorofa ya pili palikuwa na ofisi moja tu: wakili, mambo ya ardhi na mirathi.

Mama Mita aliegemea ukuta. Kisha akajibanza nyuma ya ngazi, akangoja. Alimwona wifi akishuka baada ya nusu saa, amekumbatia kikapu kwa mikono miwili, hatua ndogondogo, kama aliyebeba mayai. Hati, Mama Mita aliwaza. Amebeba hati za nyumba yetu.

Alipofika nyumbani, tangini mlikuwa na samaki watatu.

Hakukataa kwamba walikuwa wazuri. Dume lilikuwa na mapezi marefu kama shuka la arusi na mkia wenye michirizi ya rangi ya chungwa. Majike mawili yalikuwa madogo, ya kijivu, yamekaa kimya juu ya majani. Dume lilipita mbele ya kila chungu likijinyoosha, na majike hayakulitazama hata kidogo.

"Umewatoa wapi?"

"Kwa rafiki mmoja wa mjini. Ana matangi manne ofisini kwake."

"Rafiki gani?"

"Wakili mmoja," wifi alisema, bila kugeuka.

Kasema mwenyewe! Mama Mita alijua mbinu hiyo pia. Wapo wanaokutajia tundu dogo la bomba ili usiulize la kubwa. Samaki ni pazia, alijiambia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, akawa anawahesabu kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Watatu. Watatu. Watatu. Siku ya saba, wawili.

"Wifi, jike moja halipo."

"Lipo."

"Wapi?"

"Limejificha."

Siku ya nane wawili. Ya tisa wawili, na dume limejibanza kwenye kona ya juu karibu na chujio, mkia wake umechanika. Mama Mita alichungulia nyuma ya meza, akainua zulia, akaangalia hata chini ya kochi. Mtu aliyejificha siku tatu bila kula, aliwaza, ama amekufa ama amekimbia, na wifi anasema yupo, huku anameza tabasamu. Anayeficha kidogo ataficha na kikubwa.

Asubuhi ya siku ya kumi alikuwa anatafuta mwavuli nyuma ya mlango wa jikoni aliposikia sauti ya mumewe uani, ikizungumza kwenye simu.

"Vipimo nimeshakutumia... Hapana, mwenye nyumba bado hajui. Mke wangu, ndiyo. Niachie mimi, nitamwambia taratibu."

Mama Mita hakutoka. Alisimama na mwavuli mkononi mpaka gari la mafunzo lilipoondoka. Vipimo. Bado hajui. Dada kapima, wakili kapokea, kaka anatafuta mnunuzi. Mumewe hakumlaumu sana, alimwona kama mtu anayevutwa na dada yake kama gari bovu. Hasira zote zilikwenda kwa wifi. Alitembea nyumba kwa nyumba siku ile bila kuona tarakimu alizokuwa akiandika.

Mchana aliporudisha daftari lake la mita ofisini, mkuu wa zamu aliwatangazia kwamba bomba kubwa lililopasuka karibu na hodhi limetengenezwa, na kwa siku tatu dawa ya kuua vijidudu itawekwa mara mbili ya kawaida. Wakiulizwa na wateja kuhusu harufu, wawaambie wayaache maji yakae.

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, na mapipa yote mawili yalikuwa makavu. Kutoka mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alimwona wifi amepanda juu ya kigoda. Ndoo ya maji ya bomba ilikuwa juu ya kabati, na ndani yake mpira mwembamba, ncha moja vidoleni mwa wifi, tayari kushushwa tangini. Harufu ya dawa ilimfikia Mama Mita palepale. Pua yake ilikuwa imezoea. Ya wifi pengine haikuwa.

Alijua kitakachotokea. Vijidudu vilivyolishwa mwezi mzima vingekufa kabla ya magharibi, na samaki baada yake. Tangi lingebaki kioo tupu. Na mtu mwenye kioo tupu hana cha kumweka hapa. Hakuhitaji kufanya lolote, ila kuvua kiatu cha pili polepole na kwenda jikoni.

Alikivua. Akasimama. Wifi akashusha mpira.

"Wifi, acha!"

Wifi aliubana mpira kwa kidole. "Kuna nini?"

"Usitie hayo maji. Leo dawa ni mara mbili."

"Nimeweka matone ya kuivunja."

"Umeweka ya siku zote. Nimekuambia leo ni mara mbili, na kesho, na keshokutwa."

Wifi akainamia ndoo, akanusa, akanusa tena. Aliutoa mpira taratibu, akashuka, akakaa kwenye mkono wa kochi kama mtu aliyekoswakoswa na gari. 

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Siku zote hizi unanitazama kama mwizi. Nikadhani umejuta. Nikasema, pengine alikubali kwa adabu tu, na sasa anaona uzito."

"Nilikubali nini?"

Wifi alimtazama. "Nikae. Kile chumba cha nyuma."

"Nani alikubali?"

"Wewe. Kaka aliniambia ile Jumapili asubuhi, siku ya pili tangu nije. Alisema mmekaa mkazungumza, na wewe mwenyewe ndiye uliyesema nisihangaike na vyumba vya kupanga katika umri huu. Ndiyo maana nikalifungua tangi. Ningewezaje kuweka tangi kwa wiki mbili?"

"Na hukunishukuru?"

"Kaka alinikataza. Alisema hupendi kushukuriwa."

Mama Mita aliweka viatu chini. Alikaa kwenye kigoda cha wifi. Akauliza moja baada ya jingine, kwa sauti ya kazini: wakili? Mfugaji wa samaki, alisoma shule aliyofanyia kazi wifi, ndiye mwanafunzi aliyekuwa akimwoshea vijaribio maabarani. Daftari? Sumu ya maji, inapungua vijidudu vikiongezeka. Ikifika sifuri ndiyo heri. Vipimo vya kwenye simu? Hapo wifi alifikiri kidogo. "Aliniambia anataka seremala aweke dirisha kubwa chumba cha nyuma. Nilidhani unajua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi na nusu alikagua nyumba nzima, wageni, samaki na majani makavu, na mtu aliyelala naye kitanda kimoja hakumfungua kifuniko.

Mwalimu alirudi saa kumi na moja akipiga mluzi. Aliwakuta wanawake wawili wamekaa kochi moja, bega kwa bega, wanamtazama. Mluzi ukakatika.

"Hivi lile pipa la uani..." alianza.

"Kaa," mkewe alisema. Kisha, kwa upole kabisa: "Polepole. Hakuna neno. Tafuta breki."

Mwalimu akakaa. Wifi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ulimwambia nimekubali."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta nafasi." Alisugua magoti. "Nilijua utauliza maswali."

"Maswali gani?"

"Ndiyo haya." Akamtazama dada yake, na safari hii hakutazama mlango wa uani. "Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Huyu ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanipeleka shule. Siku ile amesimama mlangoni na masanduku yake, kumwambia ngoja nikamwulize mke wangu, sikuweza. Mdomo ulikataa. Na nilipokwisha kumwambia kaa, kukwambia wewe kwamba nimeshasema, nako sikuweza. Kila siku ilipopita jambo likazidi kuwa zito."

"Nimemshuku kila mtu," Mama Mita alisema. "Dada yako nimemfuata mjini kama askari kanzu. Mlinzi wa watu nimemdanganya. Wewe, hata nilipokusikia kwenye simu, nilidhani unavutwa tu."

Sauti ilimkatika pale mwishoni, na Mwalimu, aliyekuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho, akainamisha kichwa.

Wifi alisimama. Alisema anakwenda kufunga masanduku yake. Hawezi kukaa mahali pa watu kwa hila, hata kama hila si yake. "Samaki nitawaacha kidogo tu. Kuna jike lina watoto, hawawezi kuhamishwa mpaka wakue. Wiki tatu, nne."

Mama Mita aliinua kichwa. Hata katika hali ile mashaka hayakumwishia. "Watoto gani? Jike lenyewe halipo."

"Lete tochi."

Walipiga magoti wote wawili. Wifi aliuelekeza mwanga kando ya chungu cha kushoto, si moja kwa moja, ili asimtishe mwenye chungu. Mlangoni mwa chungu palikuwa na samaki mdogo, si wa kijivu tena: manjano kama ndimu iliyoiva, na madoa meusi ubavuni. Mbele yake, juu ya mchanga, palikuwa na vumbi. Kisha vumbi likasogea. Macho madogo, mengi, hayahesabiki, yakaruka pamoja na kutua pamoja. Jike jingine lilijaribu kupita karibu, mama akatoka kama mshale. Dume huko juu likajibanza zaidi kwenye chujio.

"Huyo ndiye aliyemchana mkia?" Mama Mita aliuliza.

"Ndiye. Wakizaa, baba hana kauli."

"Safi," Mama Mita alisema, na hakugeuka kumwangalia mumewe.

Alitazama muda mrefu. Mwishowe alizima tochi.

"Sikufukuzi, wifi. Lakini na mimi sijakukaribisha bado. Hakuna aliyeniuliza."

Wifi akamwelewa. Alikaa vizuri, akakunja mikono, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mbele ya mke wa mdogo wake, akasema, "Wifi, naomba nikae kwako. Sina pengine ninapopapenda."

"Nitakujibu."

Alimjibu baada ya siku mbili, wakati wanaanua nguo. Siku hizo mbili alizihitaji, si kwa kufikiri, bali kwa sababu jibu lilikuwa lake na alitaka kukaa nalo kidogo. Alisema akae. Majani yachemshwe kwenye sufuria yake mwenyewe, si ya wali. Na jambo lolote la nyumba ile, liwe dogo kama pini, walizungumze wao wawili kwanza, halafu ndipo wamwambie Mwalimu.

"Na ungeniuliza siku ya kwanza," aliongeza, akitoa kibanio mdomoni, "ningekataa. Nisikudanganye. Ningekataa, nikanuna siku tatu, kisha ningekubali. Mume wangu ananijua, ila kanijua nusu."

Watoto wa samaki walipungua, wakabaki kumi na wanne, wakakua. Sita walipelekwa kwa wakili, na safari hiyo Mama Mita ndiye aliyebeba kikapu, hatua ndogondogo, huku wifi akimfungulia milango. Wakili alikuwa kijana mwenye miwani aliyesimama kumwamkia wifi kama mwanafunzi. Mama Mita alimkagua kuanzia viatu mpaka kichwani, akatazama na ukuta wa nyuma ya matangi, akakuta unyevu kidogo, akamwambia.

Mwalimu alisamehewa, lakini kwa awamu. Mwezi mmoja baadaye alirudi kutoka kazini jioni na pazia jipya la dirisha la chumba cha nyuma, na jingine la sebuleni ambalo hakuna aliyeliagiza. Aliyatandaza mezani, akasema chai ya leo ina harufu nzuri, akauliza kama kuna wa kusaidiwa kuosha vyombo.

Mama Mita na wifi yake walitazamana juu ya vikombe.

"Kafanya nini huyu?" wifi aliuliza.

"Sijui bado," Mama Mita alisema, na kusogeza kiti karibu na mumewe. "Kaa, baba. Tuambie."